Mzigo wa Ukingoni

Asubuhi ya mwisho kabla ugonjwa haujamlaza mkewe asiinuke tena, mzee alikaa pale alipokaa siku zote za kazi: ukingoni mwa jukwaa la chuma la kuzungushia magari, kati ya magunia ya mchanga yaliyowekwa kuwa mzigo wa majaribio. Mkewe alikuwa fundi wa mota, na hakuamini mzigo usiopumua. "Gunia halitaniambia kama limeshtuka," alizoea kusema. Alilivuta jukwaa kwa kamba yenye mizani ya ndoano, akatazama mshale, akazidisha kwa urefu wa kutoka katikati hadi ukingoni, kisha kwa mwendo, akiandika kwa chaki juu ya paja la suruali. Mzee hesabu hizo hakuzijua. Aliangalia midomo ya mkewe. Ikiacha kucheza, mota ya kulifaa jukwaa imepatikana. Siku hiyo haikuacha.

Mchomeleaji aliyeliunda jukwaa akacheka. "Mama, funga mota kubwa, yaishe!"

"Kubwa itamrusha huyu kama pumba. Ndogo itaungua. Nyamaza."

Mkewe akabonyeza swichi ya mota aliyokwisha kuifunga. Mota ikanguruma, jukwaa likagoma, harufu ya waya unaoungua ikapanda. Akaweka kiganja juu ya mota kama anayempima mtoto homa, wala hakukiondoa. Chuma kikalia, kikaanza kwenda, kikambeba mzee hadi upande wa pili, nyuma ya magunia, ambako hakumwona tena mkewe. Roho mkononi, akainuka aruke. Sauti ikamfikia juu ya mngurumo:

"Usishuke, baba watoto. Kaa hivyohivyo, litakurudisha hapa nilipo."