Nusu ya Somo ni Salamu

Vijana wa Kiwanjani, mtaani kwetu hapa Isiolo, wakiniuliza mtu anakuwaje mwalimu wa mtandaoni, hutarajia niwatajie aina ya kompyuta. Mimi huwauliza kama kwao kuna chumba chenye mlango unaofungika. Mengine hupatikana. Nilianza na laptopu ya kuazima, hedifoni zinazosikika upande mmoja, na leso niliyoitundika nyuma yangu kuficha rangi ya ukuta inayobambuka. Unajisajili, unaonyesha vyeti, kisha unajirekodi ukifundisha ili wazazi wakuone. Rekodi yangu ya kwanza iliharibiwa na mbuzi wangu, aliyekuja dirishani akalia kama aliyefiwa. Ya pili niliituma naye akiwemo, maana bando lilikuwa linaisha na hasira zimenipanda.

Labda mbuzi huyo ndiye aliyeniletea mwanafunzi. Baba mmoja, mzaliwa wa kijiji cha Korbesa anayeishi ughaibuni, alimsikia akaniandikia. Binti yake alikuwa na miaka minane na hakujua Kiborana. Kila baba alipompigia mama yake simu kijijini, mtoto alipewa simu, akasema "Akko," yaani nyanya, halafu kimya. Huku upande wa pili nyanya naye kimya.

"Mwisho wa mwaka tunakuja," baba aliniambia. "Mama amezeeka, mwalimu. Sitaki wakae wakiangaliana tu kama wageni."

Nikamwambia, inshallah hawataangaliana tu. Simu ilipokatika nikaanza kuogopa.

Sisi Waborana hatuanzi jambo bila salamu, na salamu zetu si za kupita njia. Uko nagaa, yaani uko kwa amani? Watu wa nyumbani wako nagaa? Mifugo iko nagaa? Mvua je? Jibu ni nagaa kila mara, hata kama jana fisi ameingia zizini. Habari yenyewe, iwe njema au mbaya, husubiri mpaka salamu ziishe. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyoanza somo la kwanza, nikimfafanulia kila swali kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye mifugo ndipo nikakumbuka kwamba naongea na mtoto anayeishi ghorofani katika jiji la baridi.

Alifikiri. Kisha akatoweka kwenye kioo, akarudi amembeba paka mzee aliyekunja uso kama karani wa ofisi.

"Nagaa," akasema, akimwinua mbele ya kamera.

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Nilimpenda mtoto yule pale pale, sina haja ya kuficha. Tangu hapo paka akawa mifugo yake, na mbuzi akawa mifugo yangu. Akaanza kuniuliza yeye kwanza: mbuzi yuko nagaa? Siku moja nikamjibu nagaa, tukaendelea hadi mvua, na salamu zilipoisha nikampa habari kwamba mbuzi ameitafuna leso yangu. Akashika tumbo kwa kicheko. Akauelewa utaratibu: amani kwanza, habari baadaye.

Baba yake hakucheka. Alinipigia simu.

"Mwalimu, pole, lakini nusu ya somo ni salamu. Wenzako wanafundisha rangi, wanafundisha kuhesabu."

"Ndugu yangu, kwani mama yako atamuuliza rangi?"

"Haya. Lakini kumbuka tunakuja."

Ulimi wangu ni mkali kuliko moyo wangu. Nilijibu kama mtu mwenye uhakika, kumbe sina. Angeweza kunitafutia mbadala, na hilo ningelimeza. Lakini kama nilikuwa nimekosea, wa kuumia walikuwa mtoto na yule mama wa Korbesa. Hata hivyo sikupunguza salamu.

Walipofika Isiolo walinipitia, tukaenda pamoja, barabara ikitutikisa mpaka Merti na kuendelea hadi Korbesa. Mtoto alikaa dirishani, mpole kupita kiasi. Nikamsalimu kwa Kiborana. Akajibu nagaa kila swali, nami nikafikiri ni uchovu wa safari.

Nyanya alikuwa ameketi nje, karibu na meko aliyochemshia chai. Mtoto akaenda peke yake, akasimama mbele yake, akampa mikono miwili.

"Akko, nagaa?"

Yule mama akamshika mikono asiiachie. Nagaa. Watu wa kwenu? Nagaa. Mifugo? Hapo mtoto akasita, nami nikakamata ncha ya mtandio wangu. "Nagaa," akasema, kwa sauti nyembamba. Mvua? Nagaa.

"Haya," nyanya akasema, "habari?"

"Paka wangu amekufa," mtoto akamwambia kwa Kiborana, akaanza kulia.

Sikuwa nimejua. Baba yake, nyuma yangu, alisema kwa sauti ya chini, "Alikufa tukifunga mizigo. Hakulia hata kidogo. Nilidhani amesahau."

Nyanya huyo amezika watu na amepoteza ng'ombe wengi katika ukame. Hakucheka. Hakusema ni paka tu. Alimvuta mtoto magotini pake, akaanza kumuuliza kama tunavyomuuliza mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Alikuwa dume au jike? Alizaliwa kwenu? Alikuwa wa rangi gani?

Nilihisi macho ya baba kisogoni. Sikugeuka.

Mtoto alinitazama; rangi sikuwa nimemfundisha hata moja. Akatazama huku na huku, kisha akanyoosha kidole kwenye majivu ya meko. Nyanya akayaangalia majivu, akatikisa kichwa kwa huzuni, akamtajia rangi hiyo kwa Kiborana, polepole. Mtoto akairudia, huku machozi yakimtiririka. Nyanya akaitaja tena, naye akairudia tena, wakaendelea hivyo mpaka kilio kikatulia.

Neno hilo sikumfundisha mimi.