Mbuzi Mmoja, Siku Tano

Nilipopewa ukuu wa shule, kitu cha kwanza nilichokifungia kabatini ni daftari la mahudhurio. Walimu walikuwa wakifika saa mbili wakiandika saa moja, na daftari halibishi. Nikatangaza kwamba kila mwalimu apige picha yake mbele ya mlingoti wa bendera, aitume kwenye grupu letu kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Mimi ni mtu wa simu. Nilikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya chai, kengele ya kukagua maandalio ya masomo, na orodha ya kazi ambayo kila nilipoweka alama ya vema nilijiona bora kuliko wenzangu.

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa mzee, amebakiza miezi minne astaafu. Alikuwa mwenyeji wa kijiji cha Robanda, na shamba lake lilipakana na pori. Msimu wa mahindi alipiga madebe kufukuza tembo mpaka kukapambazuka, ndipo anawe uso na kupanda baiskeli. Saa mbili kamili, kipindi cha kwanza, alikuwa darasani na chaki mkononi. Hakuwahi kuchelewa kipindi, na hilo nililijua vizuri. Alichelewa picha tu.

"Mkuu, tembo hawaniachii kabla ya saa moja," aliniambia mbele ya wenzake.

"Basi waambie wakuandikie barua," nikamjibu, na walimu wakacheka. Tangu nipate cheo nilikuwa nimeacha kumwamkia shikamoo. Nilimsubiri aanze yeye kunisalimia, na alianza.

Wiki iliyofuata picha zake zikaanza kufika mapema. Saa moja na robo, kila siku. Ilinipasa nifurahi, lakini nilichukia, maana jedwali langu la mahudhurio lilikuwa limemzoea akiwa na wino mwekundu. Ijumaa nikazipanga picha zote tano pamoja. Mashati manne tofauti, na siku ya tano, mashati yakiwa yamemwishia, koti lililofungwa vifungo hadi shingoni. Nyuma yake, katika picha zote, alisimama mbuzi yule yule mweupe anatafuna jalada la daftari la bluu, na jalada lenyewe limening'inia pale pale mdomoni. Mzee alikuwa amezipiga zote mchana mmoja, halafu akawa anatuma moja moja akiwa shambani.

Ningeweza kumwita ofisini tukamalizana. Badala yake niliunganisha zile picha, nikamzungushia mbuzi duara jekundu, nikaandika juu: MBUZI MMOJA, SIKU TANO. Jumatatu asubuhi nikaituma kwenye grupu la wazazi. Baadaye walimu walidhani nilikosea grupu, nami nikawaacha wadhani hivyo. Sikukosea. Nilibonyeza kwa raha ambayo hata sasa naikumbuka kidoleni.

Nusu ya wazazi wale, mzee ndiye aliyewafundisha kusoma. Grupu likajaa vicheko. Mmoja akauliza kama mbuzi naye anakaribia kustaafu.

Jumanne mzee akaja ofisini, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mkuu," akasema. Mtu wa umri wa baba yangu. Sikumzuia.

"Marahaba. Sema."

"Nimekosa, nakubali. Niandikie barua ya onyo, nitasaini. Ila ile picha naomba uifute. Nikistaafu sina pa kwenda, nitazeeka na watu hawa hawa."

Kuifuta ni kazi ya sekunde tatu. Simu ilikuwa mezani, kati yetu. Nikaichukua, nikafungua orodha yangu ya kazi mbele yake, nikaandika: kufuta picha, Ijumaa saa kumi.

"Nina mambo mengi wiki hii," nikamwambia.

"Asante, Mkuu," akasema, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni.

Ijumaa saa kumi kengele ikalia. Nikaifuta picha, nikaweka alama ya vema, nikaenda nyumbani. Binti yangu, ambaye alikuwa darasa la pili kwa mzee, alikuwa uani anaosha viatu vya shule. Aliponiona akalia kama mbuzi, kwa sauti ndefu, akacheka.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Darasa zima tunafanya, baba. Mwalimu akiingia tu."

"Na yeye anafanyaje?"

"Anasimama tu. Jana na leo hajafundisha. Leo alikuja kwenye dawati langu akaniambia, mwanangu, wewe baba yako ndiye mkuu, hebu waombe wenzako wanyamaze."

"Ukawaomba?"

"Hapana! Mimi ndiye niliyelia kwa nguvu kuliko wote."

Akaacha kiatu, akanitazama usoni, akisubiri nimsifu.