Mshono Ulioachwa Wazi

Tulimhukumu haraka, na kwa kuwa sisi ndio tuliojiita wasomi wa mtaa, haraka yetu haina udhuru. Mama Pindo alikuwa mshonaji wa sare za shule na mapazia. Tulipoona mezani pake viungo vya uzazi vya mwanamume na mwanamke, vya flana iliyojazwa sponji, tulinong'ona kwamba shida imemwondolea haya. Kumbe ilikuwa kazi ya chuo cha wakunga: seti mbili za kufundishia, zishonwe kwa kufuata mchoro.

Wala hatukujua kwamba kila mchomo wa sindano ulimpitia moyoni. Binti yake wa pekee alikuwa na mchumba, na Jumapili iliyokuwa ikija alikusudia kumwambia waachane. Akiwa na miaka kumi na saba, binti huyo alitolewa ovari ya kushoto kwa sababu ya uvimbe. Baadaye, katika ndoa yake ya kwanza, mimba ilitunga ndani ya mrija wa kulia, mrija ukakatwa, na ndoa nayo haikukawia kukatika. Hakutaka kumpotezea muda mwanamume wa pili.

"Kulia yai lipo, njia hakuna," Mama Pindo alijisemea huku akikanyaga cherehani. "Kushoto njia ipo, yai hakuna. Hesabu gani hii?"

Seti ya kiume ndiyo iliyotangulia, na ilimpunguzia uzito kidogo, kwa kuwa fundi viatu wa kibanda cha jirani hakukosa la kusema.

"Shemeji, korodani moja imeshuka! Leo umepima kwa jicho la usingizi?"

"Kajitazame kwako kwanza," alijibu bila kuinua kichwa. "Hapa wameandika kwamba ya kushoto kwa kawaida huning'inia chini kidogo. Na zote hukaa nje, maana mbegu hazitaki joto la ndani."

Fundi viatu aliiweka nyundo chini. "Kwa hiyo mtu wa hivyo ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo wa miaka ishirini, akarudi kwenye soli zake.

Seti ya kike Mama Pindo aliishona kwa utulivu zaidi. Alitengeneza uke, mlango wa kizazi, mfuko wa uzazi ulio kama ngumi, mirija miwili inayoutokea ubavuni, na ovari mbili zenye umbo la lozi, zilizoshikwa na mfuko huo kwa utepe. Kwenye mchoro, ncha ya kila mrija ilikuwa na vidole vidogo visivyoigusa ovari. Akadhani mchoraji amezembea. Miaka thelathini ya ushonaji ilikuwa imemfunza jambo moja: ukiacha mshono wazi, mteja atakurudia na maneno. Basi akaunga mrija na ovari, kulia na kushoto, kwa mshono wa mara mbili.

Ijumaa, mwalimu wa wakunga alikuja kuchukua kazi yake. Akaigeuza, akaivuta, akacheka.

"Mama, mkono wako ni mzuri, lakini hapa umeshona mno. Nipe mkasi."

"Unaniharibia!"

"Nafumua tu. Ovari na mrija havijaungana. Yai likitoka, hutokea kwenye uwazi huu, na vidole hivi huinama kulidaka."

"Lisipodakwa?"

"Mwili hulimeza. Hakuna dhara."

Mama Pindo alitazama nyuzi zilizokatwa. Kisha akaufunika mrija wa kulia kwa kiganja, na ovari ya kushoto kwa kiganja cha pili. "Na kama hiki hakipo, na hiki nacho hakipo?"

Mwalimu alitambua kwamba swali halikuwa la flana. Akavuta kigoda. "Nani, mama?"

"Mwanangu."

Taratibu, mwalimu aliushika mrija wa kushoto, akaupinda nyuma ya mfuko wa uzazi. Vidole vya kitambaa vikafika kwenye ovari ya kulia.

"Mirija haikai imenyooka kama kwenye mchoro. Husogea. Wa upande huu unaweza kudaka yai la upande ule. Sikuahidi, nafasi imepungua. Na siku akikosa hedhi awahi kliniki, maana mimba ya kwenye mrija huweza kujirudia. Lakini mlango haujafungwa."

"Wewe!" Mama Pindo aliita kuelekea chumba cha nyuma. "Njoo hapa, na huo uso uufute!"

Binti alikuja, akaelezwa upya. Aliupinda mrija, akauachia, akaupinda tena, mara nne, kama mtu anayejaribu kitasa cha nyumba yake mwenyewe. Mara ya tano akaketi sakafuni na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na mama yake akaketi kando yake.

Jumapili alimweleza mchumba wake yote, pamoja na lile la "sikuahidi." Wakaoana kabla ya mwaka kwisha.

Siku nyingi baadaye, binti mwenyewe ndiye aliyetusimulia kwamba daktari aliyemkata mrija alikuwa amemwambia maneno yale yale ya mwalimu akiwa bado wodini, siku ya tatu baada ya upasuaji. Aliyasikia vizuri. Alidhani anafarijiwa tu.