Mstari Mmoja na Nusu

Mimi ni afisa mifugo. Ninachanja ng'ombe na mbuzi katika vijiji vya Mbulu, na kwa miaka minne aliyenizungusha huko alikuwa dereva mmoja, mzee wa Katesh, ambaye wazazi wake walifika huko kuuza nguo wakabaki. Alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama boksi la chanjo limefungwa vizuri, na hapo mazungumzo yetu yalikuwa yamekwisha mpaka tufike. Hakuruhusu mtu kula ndani ya gari. Redio ilikufa zamani, naye hakutaka itengenezwe.

Kitabu kiliingia garini kwa sababu ya tope. Tulikwama njia ya Yaeda Chini, mwenye pikipiki aliyepita akaahidi kutuletea watu wa kusukuma, na mimi nikatoa kitabu kwenye begi. Kilikuwa cha Kiingereza, cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vya vijana, nilichokiokota kwa wauza vitabu vya mitumba Arusha. Mzee aliponiuliza ninasoma nini niliona aibu, maana nilikuwa na miaka thelathini na minne na watu wananiita dokta. Nikasema ni hadithi ya watoto wa sekondari. Akazima injini, akasema basi nimsimulie, hatuna pa kwenda.

Nikamsimulia kwa Kiswahili. Ni dunia ya baadaye, imekauka. Mji mmoja umejenga ukuta kuzunguka bwawa, na walio nje wanapata maji kwa kadi. Binti wa miaka kumi na sita ananyang'anywa kadi ya familia yake, anaingia mjini kuitafuta, anagundua kwamba bwawa limejaa na shida yote ni ya kutengenezwa. Anatoroka akiwa amejificha ndani ya boza la maji linaloendeshwa na mzee mmoja ambaye kitabu hakimtaji jina. Mzee anamgundua njiani, lakini hamshtaki.

"Hilo boza linabeba lita ngapi?" dereva wangu akauliza.

Nilimwambia kitabu hakisemi. Akafikiri, kisha akaeleza kwamba kwa barabara kama ile niliyoisimulia haliwezi kuwa kubwa sana, la sivyo breki zingekwisha kwenye mteremko wa kwanza.

Tangu siku hiyo kila safari ilikuwa na sehemu yake. Kwenda Maretadu, sura mbili. Kwenda Yaeda Chini, sura nne, tano wakati wa mvua. Yule binti hakumsisimua sana. Alimwona mkaidi, kama wasichana wote wa umri ule. Mtu wake alikuwa mzee wa boza. Katika kitabu cha pili, wanapovuka uwanda wa chumvi kwenda kuwakusanya watu wa nje, dereva wangu alinikatiza kunieleza jinsi gurudumu linavyovunja gamba la ardhi kama ile, na kwamba mwenye akili hupunguza upepo kwenye matairi. Nilipogeuza ukurasa nikakuta mzee wa boza anafanya hivyo hivyo. Siku hiyo mzee wangu alinunua mahindi ya kuchoma barabarani akaniruhusu nile garini.

Kitabu cha pili kiliishia pabaya, kama inavyotakiwa. Daraja limelipuliwa, watu wa nje wako mbele ya lango, na mzee wa boza amegeuza gari kurudi gizani peke yake bila kumwambia mtu anakwenda wapi. Tukasubiri cha tatu zaidi ya mwaka mmoja, na katika kusubiri huko tulikijenga sisi wenyewe. Dereva wangu alishikilia kwamba mzee wa boza anaifahamu barabara ya zamani ya mafundi, ile waliyoitumia kujenga bwawa, na atatokea nyuma ya ukuta. Alikuwa na ushahidi. Alinikumbusha maneno ya kitabu cha kwanza ambayo mimi niliyeyasoma nilikuwa nimeyasahau.

Dada yangu alikinunua kitabu cha tatu Dar es Salaam akakituma kwa basi. Nilikipokea Ijumaa, nikaenda nacho kwa wazazi Maretadu, ambako tulikuwa tunavuna maharage. Jumapili baada ya kanisa nilikaa nyuma ya nyumba nikasoma mpaka jioni. Mama alikuja mara mbili kuniuliza kama nimepata habari mbaya kwenye simu. Nikamwambia hapana, ni kitabu tu. Akasema kama ni kitabu tu, basi nikiache nije tupepete maharage.

Sijui niseme nini juu ya kitabu hicho bila kukasirika upya. Kinaanza miezi minane baada ya vita. Vita vyenyewe, vile tulivyovisubiri, vimepita na hatukuonyeshwa. Yule binti aliyevuka uwanda wa chumvi kwa miguu sasa ana ofisi. Anahudhuria vikao. Kuna kikao cha kugawa maji, kikao cha kuchagua kamati, kikao cha kujadili kikao kilichopita. Mimi nakaa kwenye vikao kila Jumatatu. Sihitaji kwenda dunia ya baadaye kuvitafuta. Akitoka kikaoni analia dirishani kwa sababu kuna vijana wawili wanampenda na hajui amchague nani. Mmoja ni yule aliyemsaliti katika kitabu cha kwanza, ila mwandishi amesahau. Daraja lililolipuliwa linavukwa ukurasa wa thelathini kana kwamba halikuguswa.

Na katikati ya maelezo ya chakula cha jioni, nikakutana na sentensi inayosema kwamba mzee wa boza alikufa usiku wa shambulio, pamoja na wengine wengi. Halafu chakula kinaendelea.

Jumatatu hiyo hapakuwa na kikao, tulikuwa na safari ya Masieda. Nilikuwa nimekusudia kumwambia mzee kwamba kitabu hakijafika, lakini alikiona kwenye begi. Tulipoacha mji nikaanza. Nilivuta maneno, nikamweleza ofisi, vikao, wale vijana wawili. Aliendesha bila kuuliza swali hata moja, na kwake hiyo ilikuwa dalili mbaya. Mwishowe akasema hayo ya wasichana nimwachie mwenyewe mwandishi, nimwambie mzee wa boza alitokea wapi.

Nikamwambia amekufa.

Alipunguza mwendo, akasogeza gari pembeni, akavuta breki ya mkono. Akanitaka nirudie kama ilivyoandikwa, nisifupishe. Nikafungua ukurasa, nikamtafsiria neno kwa neno.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Hakisemi."

"Amezikwa wapi?"

"Hakisemi, mzee."

Akaomba kitabu. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo akaniambia niweke kidole pale inapoanzia na pale inapoishia. Ilikuwa mstari mmoja na nusu. Akapima kwa kucha ya dole gumba, akanirudishia.

"Dokta, umeruka mahali," akasema. "Haiwezekani mtu aendeshe vitabu viwili halafu afe hivi."

Nikamwambia sikuruka. Akasema labda Kiingereza chake ni kigumu, labda sikuelewa. Hapo hasira yangu yote ya Jumapili ikapata pa kwenda, nikamjibu kwamba nimesoma kwa Kiingereza mpaka chuo kikuu, na kama anaona nimedanganya amtafute mtu mwingine wa kumsimulia. Sikuwahi kumjibu mtu mzima namna ile. Akawasha gari.

Masieda tulichanja ng'ombe mpaka saa tisa, na hasira haikuniacha. Nilikasirika kwa sababu alinilaumu mimi kwa kazi ya mtu mwingine, na zaidi kwa sababu nilimwelewa. Mimi ndiye niliyemletea. Kurudi tulirudi kimya, na safari nyingi zilizofuata zilikuwa hivyo, shikamoo, marahaba, boksi limefungwa? Nilimwomba radhi kwa jinsi nilivyomjibu, akasema hakuna neno, na kweli hakuwa na kinyongo. Ila hadithi hakuitaka tena. Nilijaribu kumletea nyingine, ya upelelezi. Alisikiliza sura moja kwa adabu, akaniuliza bei ya mbuzi Dongobesh.

Nilikimaliza kitabu kwa ubishi tu. Binti anaolewa na yule msaliti. Nikavitoa vyote vitatu kwa mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili, nikimwonya kwamba hicho cha tatu kimeoza. Baada ya wiki mbili akanipigia kuniambia, "Mama mdogo, hicho ndicho kizuri kuliko vyote." Alikuwa amelia kwenye harusi. Nilimuuliza kuhusu mzee wa boza, na ilibidi afikiri kidogo kabla ya kukumbuka ninamsema nani. Nikakata simu mapema, nikisingizia mtandao.

Mzee alistaafu akarudi Katesh. Mwaka huu kitabu cha nne kimetoka. Sikukinunua. Lakini mtoto wa dada amekinunua, na akanitumia ujumbe wenye alama nyingi za furaha kwamba mzee wa boza yu hai, kumbe alikuwa amefungwa gerezani muda wote, na anatokea kwa barabara ya zamani nyuma ya ukuta.

Nilisoma ujumbe huo nikiwa zizini, mikono imejaa dawa, na nilikasirika kuliko ile Jumapili ya kwanza. Mwandishi alikuwa na barabara hiyo muda wote. Jioni nikampigia mzee. Nilifikiri anastahili kujua, na labda nilitaka afurahi, au akasirike pamoja nami. Nikamweleza yote, pamoja na barabara ya mafundi.

"Mimi nilishamzika, dokta," akasema. "Siwezi kumfukua kila mwandishi anapobadili mawazo."

Kisha akauliza kama njia ya Yaeda Chini imechongwa baada ya mvua. Nikamwambia bado, na kwamba dereva mpya analikimbiza mno gari kwenye makorongo. Akanitajia makorongo mawili ambayo kijana huyo asiyapite bila kushuka kuangalia kwanza, akanieleza yalipo, moja baada ya jingine, na nikayaandika.