Mtoto Aliyeandikwa Mtu Mzima

Watu huniuliza kwa nini mimi, profesa mzima, bado napiga kelele kuhusu watoto walio mahabusu. Waniache! Hasira hii ina kwao, na kwao ni Bariadi, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kufanya utafiti wangu wa kwanza, nikawa nashinda mahakamani nikisikiliza kesi. Siku moja akaletwa mchunga ng'ombe mmoja, mrefu, sauti bado nyembamba. Yowe la wizi wa ng'ombe lilipigwa kijijini kwao, naye akakimbia mbele ya wakubwa wote, akawa wa kwanza kuwafikia ng'ombe. Polisi wakamkuta nao. Basi, mwizi ni yeye!

Hakimu akamuuliza mama yake, "Huyu ni mtoto?"

Mama akajinyoosha. Kwetu, aliyeachiwa kundi la ng'ombe peke yake humwiti mtoto mbele za watu, utakuwa umemtukana.

"Siyo mtoto, mheshimiwa. Ni mwanaume. Anachunga peke yake, na yowe likilia anatoka."

Hakimu hakuuliza hata alizaliwa lini. Akaandika mtu mzima. Niliposimama kueleza, nikaambiwa nikae, la sivyo na mimi nitalala ndani. Wakaenda kumfungia chumba kimoja na majambazi.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara upelelezi haujakamilika, mara hakuna gari la kumleta. Hakuna gari! Landrova ya polisi niliiona kwa macho yangu ikisindikiza fedha za wanunuzi vijijini. Pamba ikavunwa ikaisha, mashamba yakalimwa upya, na yeye yumo tu. Nilimfuata hakimu, nikamfuata mkuu wa polisi. Wakanicheka, eti msomi wa Dar. Washenzi wakubwa.

Mwishowe wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Hata pole hawakusema. Nilikwenda na mama yake kumpokea kwenye geti la mahabusu. Alikuwa amemletea fimbo yake ya kuchungia. Akamwita. Badala ya kuja, mwanawe akachuchumaa, mikono kichwani, akingoja kuhesabiwa kama walivyomzoesha ndani.

"Inuka, baba. Twende nyumbani."

Hakuinuka. Mama akaitupa fimbo, akamgeukia askari wa getini, akapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama:

"Huyu ni mtoto! Mmenisikia? Mtoto! Mimi nilisema mwanaume, na ninyi macho hamkuwa nayo?"