Mama Aliposema Haya

Mimi ni mtu wa kupima. Nikienda sokoni kununua nyanya nazunguka meza zote, kisha narudi kwenye ile ya kwanza na kukuta zimeisha. Mdogo wangu wa kike hayuko hivyo. Yeye huamua akiwa bado amesimama, na akishaamua humrudishi nyuma. Nimechoka kuishi naye karibu, na zaidi nimechoka kuwa mimi.

Mwaka juzi magoti ya mama yalianza kumsumbua. Alikuwa akiishi peke yake mlimani, juu ya Mkuyuni, kwenye shamba la ukoo wake lenye migomba na midalasini. Siku moja tulipanda kumwona. Tulipomaliza kula, mdogo wangu akasema bila kuzunguka, "Mama, uje ukae na sisi mjini."

Mama alikuwa anachambua maharage. Akajibu, "Haya."

Neno hilo lina kazi nyingi. Ni kukubali, ni kuagana, ni kumnyamazisha mtu usiyetaka kubishana naye. Mdogo wangu alisikia moja tu, akaanza kukunja nguo. Mimi nilisikia yote matatu, nikatoka nje kufikiri. Nilifikiria magoti, utelezi wa masika na hospitali ilivyo mbali. Halafu nikafikiria shamba, maana shamba la ukoo halikai bila mtu. Mjomba, kaka yake mama, ndiye anayegawa ardhi ya ukoo, na angempa mwingine. Niliporudi ndani, pikipiki ilikuwa imeshaitwa na mama ameshajifunga kanga ya kusafiria. Nikajiambia labda ni heri.

Sasa anakaa kwangu, Morogoro mjini. Asubuhi anafagia ua niliokwisha kuufagia, kisha anakaa barazani akiitazama milima mpaka jua linakuwa kali. Shamba lilipata mtu mwingine kabla ya vuli. Mama hajalalamika hata siku moja, na ningependa alalamike.

Jumapili iliyopita nilirudi kutoka kazini nimechoka, nikaketi naye barazani. Nikamuuliza, "Mama, siku ile uliposema haya, ulikuwa umekubali?"

"Hapana. Nilitaka mwenzio anyamaze kidogo."

"Mbona hukusema hutaki?"

"Yule hasikii, mwanangu, ndivyo alivyo. Nilikuwa nakungoja wewe. Nilikuona umetoka nje, nikajua unafikiri. Nikasema moyoni, huyu akirudi atamzuia."

Niliona aibu hata kumtazama. Nikamwambia nitazungumza na mjomba, nitamrudisha mlimani.

"Lini?" akauliza.

Nikaanza kufikiri.