Gari la spoti la zamani si pikipiki: yaliyonikuta njia ya Mbagala enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu ndani. Wa umri wangu sidhani kama mnafika watano, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaanza.

Kuna kijana kaandika uzi eti kuendesha gari la spoti la zamani ni sawa na kupanda pikipiki. Damu imenichemka. Maneno hayohayo nilishaambiwa enzi za Mwingereza, nusura yanipeleke jela. Nasema yaliyotokea tu, chumvi sitii.

Mie nilikuwa tarishi wa kampuni moja pale Keko, nimepewa pikipiki ya kupelekea barua.

Bosi wangu, mzungu, tulimwita Bwana Kofia, maana ile kofia yake hakuivua hata akila. Alikuwa na gari la spoti la kabla ya vita, viti viwili, paa halina.

Jumamosi moja mchana akaniambia nimwendeshe mpaka Mbagala. Nikamwambia bwana, leseni yangu ni ya pikipiki. Akacheka, akasema gari lake ni pikipiki yenye magurudumu manne. Akakaa kushoto.

Bosi kasema, utakataje?

Sasa sikilizeni. Upepo usoni ni uleule, hilo nakubali. Kelele na joto la injini pia.

Lakini pikipiki unaigeuza kwa kiuno. Lile gari nalo nikalilalia kwenye kona mwili mzima, likaenda linakotaka lenyewe. Gia hazikubali mpaka ukanyage klachi mara mbili. Usukani mzito, mikono inakufa ganzi.

Kufika kwenye mchanga nikafanya kosa la mtu wa pikipiki. Pikipiki kwenye mchanga unalegeza mikono, unaongeza mafuta, inajinyoosha yenyewe. Nikafanya hivyohivyo. Mkia wa gari ukaja mbele, tukaingia shamba la muhogo kinyumenyume.

Hatukuumia. Bwana Kofia akaniambia nilinde gari, yeye anafuata lori la kutuvuta.

Mwenye shamba, Bi Zuhura, mama wa makamo, alikuwa akipalilia palepale; badala ya kunifokea akaniletea maji. Akaniuliza nafanya kazi wapi, nikamwambia.

Lori lilipokuja, msimamizi wetu wa kazi akashuka, akanishika shati. Eti Bwana Kofia kasema nimeiba gari, na yeye hakuwemo kabisa.

Hakuwemo! Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Jumatatu nikasimamishwa mbele ya meneja, aamue kama nipelekwe polisi. Nikieleza, hakuna anayesikia. Neno la mzungu na neno la tarishi, nyie mlitegemea nini?

Mara karani akamwingiza Bi Zuhura. Katembea kwa miguu toka Mbagala, ana kifurushi cha kanga. Habari ya kesi hakuwa nayo. Akafungua kanga, akatoa kofia.

"Nimemletea yule bwana aliyekaa kushoto. Gari lilivyozunguka ilimtoka kichwani, jana nikaiokota kwenye muhogo. Kitu cha mtu mie sikai nacho."

Bwana Kofia kasimama na upara wake, siku hiyo ndiyo ofisi nzima iliuona.

Meneja akaniambia rudi kazini. Basi.

Bwana Kofia akachukua kofia, akaivaa, akatoka. Mie hakunipa pole. Bi Zuhura naye hakuambiwa hata asante, na habari ya muhogo wake hakuna aliyeuliza.

Nikampakia kwenye pikipiki nikamrudisha kwake, kakaa upande, kanishika bega. Kwenye ule mchanga nikalegeza mikono, nikaongeza mafuta, tukapita.

Kwa hiyo kijana wa ule uzi, tofauti ni hii. Pikipiki ikianguka, dereva na abiria wote mnalamba mchanga, hakuna wa kusema hakuwemo. Gari la spoti lina kiti cha kushoto.

Mwenye kubisha karibu, ila aanze na shikamoo.